Nilimaliza Kiberiti Kizima Mbagala

Kiberiti kilikuwa kipya. Nilikinunua saa kumi na moja alfajiri kwa muuzaji aliyenipa chenji macho yamefumba, na ilipofika saa kumi na mbili na nusu kilikuwa kitupu, njiti zake zote zimetapakaa miguuni pangu. Mbele yangu mafiga matatu. Pembeni sufuria la kilo 20 za mchele limelala kifudifudi. Katikati ya mafiga, rundo la kuni nililolipanga kwa mikono yangu, na kwa macho lilipendeza kweli: magogo yamebanana, hakuna hata upenyo wa panya kupita.

Lilitoa moshi tu. Moshi mweupe, mzito, uliotambaa mpaka chini ya turubai walikokaa akina mama wakimenya vitunguu. Machozi walikuwa nayo tayari, ya msiba na ya vitunguu, mimi nikawaongezea ya tatu. Mmoja akasema kwa sauti ya kutaka niisikie: "Huyu mtoto katumwa? Au anataka tumfuate marehemu leo leo?"

Ilikuwa masika, mvua imenyesha usiku kucha, na mjomba wangu, ambaye ndiye mpishi, alikuwa amekwama njiani. Alinitanguliza nikawashe moto ili akifika abandike sufuria tu. Kazi ya dakika kumi, alisema.

Mimi ni mtoto wa Temeke, nimelelewa na jiko la mkaa. Mkaa unaujua: unachoma kipande cha nailoni, unapanga kaa tatu nne juu, unashika kipepeo cha ukili unapepea huku unapiga soga. Nikaamini kuni ni mambo yale yale, makubwa kidogo. Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini sivyo, na nitafika huko.

Mjomba alishuka kwenye bodaboda, mwiko ameukumbatia kwapani. Akawaamkia wazee, akawapa pole wafiwa, akaja jikoni. Mimi hakunisemesha. Alinyoosha mguu akalisambaratisha rundo langu lote kwa teke moja la polepole, akachutama, akalitazama jivu jeusi la chini. Kisha akasema, "Umeuziba pua. Sasa ungepumuaje?"

Nilichokiona baada ya hapo nimekuwa nikikirudia mpaka leo, basi nikieleze taratibu.

Kwanza alifagia chini. Mchanga ulikuwa umelowa, na mchanga uliolowa hunywa joto lote kabla kuni hazijapata hata chembe. Akatafuta magome makavu ya mnazi ubavuni mwa nyumba, chini ya paa ambako mvua haikufika, akayatandika kama jamvi. Juu yake akalaza vipande viwili vya kuni vya unene wa mkono, sambamba, katikati akaacha nafasi ya kiganja. Mdomo wa ile nafasi akauelekeza upande upepo unakotoka. Aliupima upepo kwa kutazama moshi wa jiko la jirani, hakulamba kidole wala nini.

Akachukua kumbi moja la nazi. Akaligonga kwa mgongo wa panga mpaka likalegea, akalichambua nyuzi kwa vidole, akazivuruga zikawa kama kiota cha ndege. Kiota akakiweka katikati ya vile vipande viwili. Kisha akatwaa kuni moja, akaichanja, akazichanja zile nusu, akaendelea kuchanja mpaka akapata vibanzi vyembamba kama njiti ya kiberiti. Vibanzi hivyo ndivyo alivyovilaza juu ya kiota, vikiegemea zile kuni mbili, kimoja huku kimoja kule, vinapishana kama ukindu wa mkeka ulioanza kusukwa. Juu yake vya unene wa kalamu. Juu yake vya unene wa kidole gumba. Akaishia hapo.

"Na yale magogo, mjomba?"

"Yale ya baadaye. Mtoto mchanga unamlisha muhogo mbichi?"

Kiberiti alikuwa nacho mfuko wa shati, ndani ya karatasi ya nailoni. Akatoa njiti moja, akaiwasha akiifunika kwa viganja, akaipeleka chini kabisa ya kiota kwenye ule mdomo wa upepo. Halafu akafanya jambo lililonishangaza kuliko yote: akaweka mikono katikati ya magoti akatulia. Nyuzi zikawa nyekundu, zikafuka kidogo, ulimi mdogo wa njano ukatokea, ukapotea, ukatokea tena. Mimi nikainama nikavuta pumzi ili nipulize. Akanishika bega. "Uache."

Vibanzi vikaanza kulia, tiki, tiki, tiki. Kile kimoyo cha moto kikapanda hatua moja, kikapanda ya pili. Ndipo akachukua kuni ya unene wa kifundo cha mkono akaiweka ubavuni, baadaye ya pili, akiziachia nafasi ya kidole baina yake. Sidhani kama zilipita dakika kumi toka achutame hadi tukabandika sufuria.

Njiti moja. Mimi nilimaliza kiberiti.

Sasa ile habari ya mkaa. Mtu akikwambia kuni inaungua, anasema kweli nusu. Ukiipasha kuni moto, kwanza inatoa maji. Yakiisha maji, joto likifika kama nyuzi 250 au 300 hivi, mti wenyewe unaanza kuvunjika na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayowaka. Zile ndimi za njano unazoziona zikicheza juu ya gogo ni hewa ya gogo, na ukitazama vizuri utaona ulimi haukuligusa gogo lenyewe, kuna mwanya mdogo baina yake. Kinachobaki hewa ikiisha ni kaa.

Ndiyo maana mkaa haufundishi kitu juu ya kuni. Mkaa ni kuni ambayo ilishatolewa moshi wake huko porini, chini ya tuta la udongo, na mtu mwingine akaumia macho kwa niaba yako. Kwako unafika umebaki kaa tupu. Kuni inakuja na maji yake na moshi wake wote, na kazi ya kuvimaliza ni yako.

Jaribu hivi usiku umeme ukikatika. Washa mshumaa, uache dakika mbili, uzime kwa pumzi. Utaona uzi wa moshi mweupe unapanda kutoka kwenye utambi. Peleka njiti inayowaka kwenye ule moshi, juu kidogo ya utambi, usiguse utambi wenyewe. Moto utashuka kwa moshi mpaka chini na mshumaa utawaka. Nilionyeshwa mchezo huo na fundi mmoja wa redio pale Tandika, na siku hiyo nilielewa asubuhi yangu ya Mbagala. Wale akina mama niliwafukiza kuni iliyokosa moto. Moshi mweupe, mzito, wa kuwasha macho ni chakula cha moto kinachopotea hewani kwa sababu joto halitoshi, au pumzi haitoshi, au kuni bado inachemsha maji yake.

Na kuni mbichi ina maji, jamani. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji. Ili uwake vizuri yanatakiwa yashuke chini ya asilimia 20. Maji hayapiti nyuzi 100 mpaka yaishe yote, kwa hiyo gogo bichi hukaa hapo hapo linachemka kama birika, wewe unapuliza mpaka unaona nyota, na ile hewa ya kuwaka haijaanza hata kutoka.

Kuzijua kuni kavu ni kazi ya mkono na sikio. Gonganisha mbili: kavu hulia kali, kama vijiti vya kuchezea ngoma, mbichi hulia *bu*. Tazama ncha zake: kavu ina nyufa zinazotoka katikati kama miale. Gome la kavu linabanduka kwa ukucha. Muuzaji atakwambia ni za mwaka jana, na wauzaji wa kuni wa Dar es Salaam nawapenda sana, ila kila kuni kwao ni ya mwaka jana. Nachukua moja nachanja pale pale mbele yake. Ikipasuka kirahisi na tumboni haina ubaridi ukiigusa kwa shavu, nanunua. Shavu linahisi unyevu kuliko kiganja, hasa kiganja cha mpishi kilichozoea moto.

Masika hayana huruma, lakini kuni iliyonyeshewa siyo kuni mbichi. Wengi huzichanganya. Kuni iliyokauka ikanyeshewa usiku mmoja imelowa ngozi tu. Ichanje, tupa gome, tumbo lake utalikuta kavu. Siku ya mvua vibanzi vyako vyote vitoke tumboni mwa gogo. Na zile unazongoja kuzitumia zipange kuzunguka moto, karibu kiasi cha kufuka mvuke, mbali kiasi cha kutoshika. Kila unapochukua moja, nyingine inasogea mahali pake, mithili ya foleni ya bombani.

Nilipoanza kuhifadhi kuni zangu mwenyewe nilifanya kosa la kijinga. Nilinunua turubai zuri, nikazifunga kuni zote gubigubi, nikazikaza kwa kamba, mvua isipate hata tone. Mwezi wa tano nilipofungua zilikuwa na ukungu mweupe na harufu ya pishi la viazi vilivyooza. Unyevu wake ulikosa pa kutokea. Sasa nazipandisha juu ya matofali, bati moja juu, ubavu wazi pande zote. Mvua ya kupigwa na upepo inazifikia kidogo; haidhuru, upepo unaoileta ndio unaoikausha.

Mti gani? Hapa kila mpishi ana dini yake. Mjomba anaapa kwa mvinje, ile mirefu inayovuma kando ya bahari kule Kigamboni na Kunduchi. Unawaka kwa joto kali, na huwaka hata kama haujakauka sawasawa, sifa ambayo miti mingi haina. Mwembe ni wa wastani, ukikauka ni rafiki, usipokauka ni mwalimu mkali. Mkoko una moto mzito unaodumu, wazee wa pwani wanaujua, lakini mikoko imehifadhiwa kisheria, na ukiona mtu anakuuzia kimyakimya jua anakuuzia na kesi. Mkorosho nautumia, ila hakikisha hamna maganda ya korosho ndani ya mzigo: yana mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wake unatesa koo. Siku moja mchonga vinyago wa Mwenge alinigawia gunia la vipande vya mpingo vilivyobaki kwenye kazi yake. Mti huo ni mzito mpaka unazama majini. Ulikataa kushika kwa muda mrefu, nikaanza kumlaumu aliyenipa. Uliposhika, ilinibidi nirudi nyuma hatua mbili na wali ukaungua chini. Mpingo si wa wali.

Mnyaa usiuguse kabisa. Ule wa ua, wenye vijiti vya kijani vya mviringo visivyo na majani. Maziwa yake yakiingia jichoni ni hospitali, na watu huuchanganya kwenye kuni wanapofyeka ua wa nyumba. Vile vile vipande vya mbao za paa zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kijani. Fundi anakuachia bure, nzuri, kavu, saizi safi. Dawa iliyomo ni ya kuua mchwa. Sasa unataka kuchomea nyama mvuke wake? Mbao zilizopakwa rangi na zile za kubandikwa kwa gundi, zinazotupwa na mafundi wa samani wa Keko, hukumu yao ni hiyo hiyo. Maranda ya mbao tupu, yasiyo na gundi, hayo nayabeba kwa gunia.

Kwenye kuwashia, mkoa mzima ulibadilishwa tabia na sheria. Kabla ya tarehe 1 Juni 2019 kila jiko la Dar es Salaam liliwashwa kwa mfuko wa rambo. Unauviringisha, unauchoma, unadondosha matone ya bluu yanayowaka, *vuu, vuu, vuu*, juu ya mkaa. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, wiki za mwanzo mtaa ulilalamika kama tumenyang'anywa moto wenyewe. Mimi nakiri ile harufu ilikuwa imo ndani ya chakula chetu miaka yote, hatukuisikia kwa sababu tulizaliwa nayo.

Baadaye nikaingia kwenye mafuta ya taa, na mafuta ya taa yakanionyesha. Moto ulikuwa umelala, nikajua umezimika. Nikamimina kidogo kutoka kwenye chupa. Yale makaa ya chini yalikuwa hai; mafuta yakageuka mvuke kwanza, wingu jeupe, nikashangaa mbona hayawaki. Nikainama kutazama. Wingu zima likashika kwa mara moja. Nywele za mbele, nyusi na kope vilikwenda vyote, na kwa wiki tatu nilikuwa na uso wa mtu anayeshangaa jambo. Chupa niliitupa kwa bahati upande usio na watu. Tangu hapo siyaweki karibu na jiko. Petroli ndiyo hata usiitaje, yenyewe haingoji makaa.

Vya kuwashia tunavyo vya bure na havina harufu. Makumbi, nimeshasema. Karara la mnazi, lile jani gumu linalofunika panda la maua, likikauka linashika kama karatasi na linadumu kuliko karatasi. Kifuu kikishika kina moto mkali wa muda mfupi. Viwili vitatu vinatosha kuiamsha kuni mvivu. Na kuna maganda ya machungwa. Wauza machungwa wa barabarani huyamenya kwa kisu yakatoka utepe mrefu, wakayatupa. Yaanike juani siku tatu nne mpaka yavunjike kama kaki. Yana mafuta ndani yake, yanawaka kwa kuchachatika, na moshi wake una harufu ya kupendeza. Mke wangu alidhani nimeanza uganga aliponikuta nimeyaanika juu ya bati.

Nimesema mafiga nikapita. Nirudi kidogo, kwa sababu hapo ndipo tulipokaribia kuua mtu. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Hawakusema mafya yenyewe yawe ya nini, na sisi kwenye harusi moja Tandika tukatumia matofali ya saruji. Mafiga ya mjomba yalikuwa yamesahaulika kwenye shughuli ya jana yake. Mwenye nyumba alikuwa na matofali ya inchi sita yamerundikwa nje, yamenyeshewa wiki nzima. Tukapanga, tukawasha, tukabandika supu.

Supu ilikuwa imeanza kutokota. Nikasikia *pa!* kama risasi. Kipande cha tofali kikagonga ubavu wa sufuria kikaacha alama ambayo ipo mpaka leo. Kabla sijageuka, *pa!* ya pili, tofali likapasuka katikati na sufuria likainama, polepole, kama mzee anayesinzia kwenye kiti. Mjomba alirusha gunia kwenye mshikio wa upande wake, akapaza sauti "Shika!", kijana mwingine akashika wa pili kwa kanga ya mtu. Nusu ya supu ikamwagika motoni. Mvuke uliotoka pale ulinibabua mguu kuanzia kwenye kifundo hadi chini ya goti, na kidonda kile kilinifundisha kuvaa suruali ndefu jikoni hata joto likiwa la Februari.

Maji yaliyonywewa na tofali yaligeuka mvuke ndani kwa ndani, yakakosa njia ya kutokea. Jiwe lililotolewa mtoni au baharini hufanya hivyo hivyo. Na mawe ya matumbawe, ambayo pwani hii tumejaaliwa, siyo ya mafiga pia: wazee wetu waliyachoma kwenye tanuri za kuni ili wapate chokaa. Utapikaje juu ya kitu ambacho kazi yake motoni ni kusagika? Siku hizi mjomba ana jiko la chuma la miguu mitatu alilochomelewa na fundi wa mtaani.

Upepo wa kusi unapoanza, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba hivi, shida inageuka. Pumzi inakuwa nyingi kupita kiasi, ndimi zinalala upande, sufuria linachemka ubavu mmoja na kuni zinateketea kama karatasi. Tunachimba chini kidogo, au tunasimamisha bati upande wa upepo na kuacha uwazi wa chini kabisa ili hewa iingie kwa mlango na siyo kwa dirisha. Ukishalielewa neno la pua, hili halihitaji maelezo.

Kupuliza nako kuna adabu yake. Puliza kaa jekundu, usipulize ulimi wa moto. Ulimi ukiupuliza unautoa mahali pake. Kaa ukilipuliza unalinenepesha. Pumzi iwe ndefu, nyembamba, ya chini. Mjomba anatumia kipande cha bomba la chuma kama urefu wa mkono, anauweka mdomo wake mbali na cheche na pumzi yake inafika pale pale anapotaka. Mimi nilikuwa napuliza kwa mashavu yaliyotuna mpaka kizunguzungu.

Wali ukikauka maji, pilau linataka moto wa juu na chini. Hapo tunazivuta kuni zote nje, tunazizima pembeni, tunabaki na makaa. Nusu yanabaki chini, nusu tunapalia juu ya mfuniko kwa sepeto. Kitendo cha kupalia ndicho kinachomtofautisha mpishi na mchemshaji, na mtu asinibishie. Ukoko ukitoka rangi ya kahawa na si mweusi, ujue moto wa chini ulikuwa haki. Watoto wa shughulini wanajua, hujipanga nyuma ya sufuria na sahani zao wakingoja huo.

Kuzima ndiko tunakokudharau. Idi pili moja tulikwenda ufukweni Kigamboni, vijana saba, tukachoma samaki. Jioni tukafukia makaa kwa mchanga kama tulivyozoea, tukakanyagakanyaga na viatu, tukaona tumemaliza. Wakaja watu wengine, kiwanja kikawa cha mpira, na rafiki yetu aliyekuwa ameshavua viatu akakimbilia mpira akapita pale pale. Mchanga huzima mwanga tu. Joto hulitunza kama blanketi, na juu unaona mchanga safi usio na dalili. Alitembelea kisigino zaidi ya mwezi. Tulikuwa mita chache kutoka bahari nzima ya maji! Tangu siku ile ni maji, kuvuruga, maji tena, halafu unapitisha kiganja juu yake bila kugusa. Kama kiganja kinakwambia bado, basi bado.

Na makaa yaliyobaki hayaingii chumbani. Nalisema kila masika kwa wapangaji wenzangu, wananiona mnoko. Kaa jekundu lisilo na moshi linatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya mvua ndiyo nyumba yake. Mtu analala, haamki. Unaona hakuna moshi, unadhani kuna usalama.

Moshi wenyewe nao sitausifia. Mama yangu mkubwa alipikia kuni maisha yake yote Rufiji, na kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango mkavu alipofika miaka hamsini. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mimi nyumbani kwangu ni gesi, kila siku, sioni aibu. Mjomba mwenyewe ana majiko mawili makubwa ya gesi na shughuli nyingi za mjini, ukumbini hasa, anapika kwa hayo. Watu wakimwambia pilau la gesi halina harufu, anawajibu kwamba wanachokitamani ni masizi. Lakini kwenye misiba ya uswahilini, ambako watu wanakuja bila hesabu na mtungi unaweza kwisha saa saba mchana, bado anatuma mtu akatafute kuni.

Mwezi uliopita aliyetumwa nilikuwa mimi, Chanika, na nilikuwa na mtoto wa dada yangu, miaka kumi na minne, amekua na mtungi wa gesi kama mimi nilivyokua na mkaa. Akaniomba, "Mjomba, niache niwashe mimi." Nikamwachia kumbi, panga na njiti tatu. Akachanja vibanzi vizuri. Akaweka kiota, akawasha, ukashika. Kisha, kwa furaha, akaanza kurundika magogo juu yake, moja, mbili, nne, yamebanana. Moshi mweupe ukaanza kutambaa kuelekea kwenye turubai la akina mama. Nikaweka mikono katikati ya magoti.

Akakohoa. Akautazama ule moshi, akanitazama mimi, nikajifanya nahesabu iliki. Akainama mpaka shavu likakaribia mchanga, akachungulia chini, akakaa hivyo muda. Halafu akachomoa gogo la katikati akaliweka pembeni.

Nikainuka nikaenda kuosha mchele.